Mkono wa Dirishani

Dirisha lile lilikuwa wazo langu. Nalisema mapema, maana baadaye watu wengi walitafuta wa kulaumiwa, wakamtafuta kila mahali isipokuwa kwangu.

Depo ya kampuni yetu iko Kamalondo, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa duka la mikate. Chumba changu cha uuguzi ndicho kilichokuwa sehemu ya kuuzia. Meza ndefu ya saruji ilibaki palepale, nondo za chuma zikapanda kutoka mezani hadi darini, na katikati ya nondo kulikuwa na tundu la mraba ambalo muuzaji alikuwa akipitishia mikate. Kampuni hutandika nyaya za fibre na kutunza minara ya simu kwa niaba ya wateja wakubwa. Masharti ya wateja hao yanasema kwamba hakuna mtu anayepanda nguzo wala mnara kabla ya kupimwa asubuhi ileile: tansio ya damu, mapigo ya moyo, homa, na kuulizwa kama amelala vizuri. Mwuguzi akiridhika, anapiga muhuri mbele ya jina la mtu kwenye orodha ya siku: apte, anafaa. Bila muhuri huo mkuu wa timu hampi mikanda ya kupandia.

Wiki zangu za kwanza niliwapima ndani. Wanaume kumi na tisa, chumba kidogo, makoti yanavuliwa, mizaha inaruka juu ya kichwa changu.

"Mademoiselle Dorcelle, leo moyo inapiga mbio ju yako. Usiandike ile!"

"Andika, mademoiselle! Bibi yake asome!"

Nilikuwa nainamisha uso, nahesabu mapigo, napoteza hesabu, naanza upya. Usiku nilikuwa naota mizaha ile. Mwezi wa sita ulipofika na baridi yake, na mabuti yakaanza kuniletea udongo mwekundu hadi kwenye pamba, nilipata sababu ya heshima ya kusema nilichokuwa nakitaka. Nilimwambia mkurugenzi kwamba kazi ingeenda haraka kama kila mtu angechukua kadi yake kwenye sanduku la mlangoni, akapanga mstari nje, na kupitisha mkono dirishani pamoja na kadi. Mkono unaingia, nafunga kitambaa cha mashine kifundoni, nasoma, naandika, nabaki na kadi, mkono unatoka. Siku ya kwanza tulimaliza kwa nusu saa. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wote.

Sikumwambia mtu kwamba nilifurahi kwa jambo lingine. Tundu lilikuwa chini, na juu yake nilikuwa nimebandika bango la chanjo. Nikikaa kwenye kiti changu, niliona mkono hadi kwenye kiwiko, basi. Sikuhitaji tena kumtazama mtu yeyote usoni.

Nilidhani naijua mikono ile. Nilijua upi una alama ya kuungua, upi una saa ya dhahabu isiyo dhahabu. Nilikuwa naiambia "Habari ya asubuhi" na mikono inaniitikia kwa kupunga vidole.

*

Papa Mwila alikuwa mpandaji mkongwe kuliko wote, miaka arobaini na minane. Wafanyakazi wenyewe wamejigawa mafungu mawili. Wale wanaopanda wanajiita bantu ba yulu, na wale wanaochimba mitaro na kuvuta nyaya wanaitwa bantu ba chini. Mtu wa chini anaweza kupanda cheo akawa wa yulu. Mtu wa yulu akishushwa na daktari, harudi. Hata mahali pa kula saa sita hubadilisha: alikuwa anakaa kwenye ubao wa gari, sasa anakaa kwenye majembe.

Katikati ya mwezi wa tano, nilipokuwa bado nawapima ndani, tansio ya Papa Mwila ilikuwa kumi na saba kwa kumi, juu mno, na moyo mapigo tisini na nne. Nilipima mara tatu. Nikaandika inapte, hafai kupanda. Akipata inapte tatu katika miezi miwili, daktari wa mteja hufuta jina lake kwenye orodha ya wapandaji, na kufutwa huko hakuna dawa. Nilimwambia huku natazama kifungo cha shati lake kwamba aende hospitali, apewe vidonge, apunguze chumvi kwenye samaki anaokula na bukari, ugali wetu. Alinijibu kwa sauti nzuri ya chini, kama mtu anayeimba kwaya safu ya nyuma:

"Aksanti, mutoto yangu. Nitaenda. Unajua kazi yako."

Alikwenda kweli, akapewa vidonge. Majuma mawili yaliyofuata alikuwa anasuasua, mara kumi na nne, mara kumi na tano, na kadi ikapata inapte ya pili. Ndipo likaja dirisha. Siku ya tatu ya dirisha, kwa kadi ya Mwila, mashine iliandika kumi na mbili kwa saba. Nilifurahi hadi nikaandika pembeni mwa kadi, kwa herufi ndogo: "Vizuri sana, Papa." Kesho yake ikawa vilevile. Siku kumi na mbili mfululizo. Jioni moja nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa jina.

*

Jumatano alasiri Chama alikuja na kidole. Chama ni kijana wa miaka ishirini na sita, msaidizi wa Papa Mwila. Popote mmoja anapopanda, mwingine yuko chini yake na kamba. Siku hiyo walikuwa wameunganisha fibre kwenye sanduku la barabarani huko mtaa wa Golf, na kipande cha uzi wa kioo, chembamba kuliko unywele, kilikuwa kimemwingia kwenye kidole cha shahada. Uzi ule ukikatika hauonekani, lakini unachoma, na ukiuacha unasafiri ndani ya nyama. Nilikitoa kwa kibano chini ya taa. Nikamwaga Bétadine nyingi, ile dawa ya kahawia inayotia doa kila kitu, nikamfunga kitambaa.

"Usiloweshe hadi Ijumaa," nilimwambia.

"Kidole yangu inakusikia, mademoiselle."

Alhamisi asubuhi baridi ilikuwa kali. Mikono iliingia imepoa, ikatoka. Wa Chama ulikuwa wa nne au wa tano, na kitambaa chake. Kumi na mbili kwa saba, mapigo hamsini na sita; Chama anacheza mpira kila Jumapili na moyo wake unapiga polepole kama saa ya ukutani. Wa Mwila ulikuja karibu na mwisho, umevaa koti lake la kijani, lililovutwa nyuma kidogo tu ya kifundo. Haukuwa na kitambaa. Kumi na mbili kwa saba. Nikaandika, nikapiga muhuri, nikampa Shefu Muhindo, mkuu wa timu, orodha. Saa moja na nusu gari likaondoka kwenda Kasungami, kwenye mnara ulioko mwisho wa mashamba.

Nilianza kupanga kadi. Kwenye kadi ya Mwila, pembeni, karibu na maneno yangu ya "Vizuri sana, Papa", kulikuwa na doa la kahawia la ncha ya kidole.

Nililitazama bila kulielewa. Nililifuta kwa kidole changu, likabaki. Nikalinusa. Halafu nikatafuta kadi ya Chama kwenye rundo, nikaiweka kando ya ile. Doa lilelile, kidole kilekile.

Ndipo nilipotazama safu ambayo sikuwa naitazama, safu ya mapigo ya moyo. Mwila, mwezi wa tano: tisini na nne, tisini, themanini na nane. Mwila, tangu siku ya tatu ya dirisha: hamsini na sita, hamsini na saba, hamsini na tano, hamsini na sita. Moyo wa mtu wa miaka arobaini na minane hauwi moyo wa mcheza mpira kwa usiku mmoja. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, siku kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri.

Nilimpigia Muhindo. Simu iliita hadi ikachoka. Nilikuwa najua kwa nini: kanuni ya kupanda inasema simu zote zibaki ndani ya gari, zisimshtue aliye juu. Nikampigia tena. Nikampigia mkurugenzi, alikuwa kwenye mkutano na mteja, imezimwa. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Muhindo hapandishi mtu kabla ya saa mbili na nusu, kwa sababu ya umande kwenye chuma.

Sijawahi kuondoka kazini bila ruhusa, hata kwa homa. Nilitia mashine ya tansio kwenye mkoba, nikafunga mlango, nikasimamisha pikipiki.

"Kasungami," nilisema. "Kwenye pilone, ule mnara wa simu. Haraka."

"Haraka ya ndoa ao ya kilio?" dereva aliuliza.

"Sijui bado."

Alinitazama kwenye kioo, hakutania tena.

*

Mnara uko baada ya matanuru ya matofali, pembeni mwa kichuguu kikubwa kama nyumba. Mabua ya mahindi yalikuwa yamechomwa na moshi ulitambaa chini. Mnara umepakwa mikanda ya rangi, nyekundu, nyeupe, nyekundu, hadi juu. Kabla pikipiki haijasimama nilikuwa nimekwisha kumwona: koti la kijani kwenye mkanda wa mwisho mwekundu, mita arobaini hewani, amejifunga kwenye chuma.

Shefu Muhindo alikuwa ameshika kamba chini. Ni mtu wa Butembo, mnene, mtaratibu, zamani alikuwa akipanda mwenyewe hadi goti lilipomkatalia. Chama alikuwa kando yake akifunga vyombo kwenye ndoo ya kuvutia juu. Kitambaa kilikuwa kimerudi kidoleni.

"Mademoiselle? Nani iko mugonjwa?"

"Papa Mwila. Mumushushe, shefu."

"Mwila?" Akajigonga mfuko wa kifuani. "Karatasi yako njo hii. Apte. Muhuri yako, saini yako."

"Ile muhuri iko uongo. Mukono nilipima asubuhi haikuwa ya yeye."

Niliona maneno hayo yalivyomfikia polepole. Hakunielewa, au hakutaka. Nikamgeukia Chama, nikaona buti zake, halafu mikono yake, na hapo macho yangu yalitaka kubaki kama kawaida. Niliyalazimisha yapande.

"Chama. Mwambie."

"Nimwambie nini, mademoiselle? Mukono ni mukono."

"Kidole chako kilibaki kwenye kadi yake."

Akafungua mdomo kutania. Mzaha haukuja. Alitazama juu, kwenye koti la kijani, akatazama chini.

"Aliniomba siku moja tu," alisema. "Kiisha ile siku moja ikakuwa siku yote. Shefu, huyu ni muzee yangu. Yeye njo alinifundisha kufunga hata hii kamba. Aliniambia: mutoto, banataka kunipatia majembe."

"Na vidonge?" nikauliza. "Anakunywa vidonge?"

"Aliacha. Anasema vinamuletea usingizi, na muntu wa yulu hawezi kuwa na usingizi. Na tansio iko muzuri kwenye kadi, sasa vidonge vya nini?"

Mimi ndiye niliyemwandikia Vizuri sana. Nilihisi baridi ndani ya meno.

Muhindo alimtukana Chama kwa Kinande, maneno mafupi matatu. Alikuwa mtu wa kazi, alianza kufikiri.

"Nikimuita kwa sauti, upepo itakula maneno, ao atashituka. Tutamugongea."

Hii ni lugha yao. Kule juu upepo hauachi neno lifike, kwa hiyo wanagonga chuma cha mnara kwa klé, spana kubwa ya kufungia bulon, zile skrubu nene za mnara, na mlio unapanda ndani ya chuma hadi kwenye viganja vya aliye juu. Pigo moja: niko salama. Mawili: ngoja. Matatu: shuka. Aliye juu hujibu kwa klé yake.

Muhindo aligonga matatu. Tukasubiri. Kutoka juu likaja pigo moja, safi.

"Anasema iko salama," Muhindo alisema.

"Anasema bado hajamaliza," Chama alisema. "Namujua."

Matatu tena. Moja tena, na kwa haraka zaidi, kama mtu anayefukuza nzi. Muhindo akapangusa uso. Niliona jinsi alivyotamani kuamini lile pigo. Na mimi nilitamani. Kama angemaliza bulon zake na kushuka mwenyewe, hakuna aliyehitaji kujua, na dirisha langu lingebaki dirisha zuri.

Nilichukua klé mkononi mwa Muhindo. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niligonga matatu, nikagonga matatu, nikagonga matatu, bila kusubiri jibu, hadi viganja vikafa ganzi na mbwa wa kwenye matanuru wakaanza kubweka. Sikuwahi kufanya kelele namna ile maishani mwangu.

Koti la kijani lilisogea. Aliinama, akatazama chini. Nilikuwa na blauzi yangu nyeupe ya kazi na nadhani aliiona, akaelewa, maana alikaa muda mrefu bila kutikisika. Halafu akafungua ndoano moja, akaishusha, akaifunga chini. Akaanza kushuka.

Alitoka kwenye mkanda mwekundu akaingia mweupe. Akatoka mweupe akaingia mwekundu. Kila hatua ndoano moja inafunguliwa, nyingine inashika. Ni kazi aliyoifanya miaka ishirini na tatu na mwili wake uliijua. Kisha, katikati ya mkanda mweupe wa pili, mguu wa kushoto ulitafuta chuma ukakosa. Ukatafuta tena. Mkono wa kushoto nao uliachia, ukawa unapapasa hewa karibu na nguzo, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani. Akaukumbatia mnara kwa mkono wa kulia, akabaki hapo.

Muhindo aligonga matatu. Hakuna jibu. Akagonga moja, kama anayeuliza. Hakuna.

"Minapanda," Chama alisema. Alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja kwenye mikanda.

Muhindo alishika mikanda ile, hakuifunga. Alinigeukia mimi.

"Iko apte?"

Swali hilo lilikuwa langu kila asubuhi, lakini sikuwahi kuulizwa kwa sauti, mbele ya mtu mwenyewe, huku mwingine ananing'inia. Kama Chama angepanda kwa hofu akatetemeka, ningekuwa nimewaweka wawili juu. Nilimshika kifundo cha mkono. Mashine ilikuwa mkobani, hakukuwa na muda wa mashine. Mapigo mia moja na nne, yenye nguvu, yaliyopangana. Na nilimtazama usoni. Ana kovu linalokata nyusi ya kulia, sikuwa najua. Macho yalikuwa na maji, lakini yalitulia nilipoyatazama, na jasho halikuwepo.

"Jina lako?"

"Mademoiselle, unanijua."

"Sema."

"Chama. Chama Kasonde."

"Apte," nikasema. "Panda polepole. Atakungojea."

*

Ilichukua dakika ishirini na sita. Najua kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kutazama saa na kuandika. Chama alipanda na kamba ya pili mgongoni. Alipofika chini ya Papa Mwila alisimama, na tukaona mdomo wake unaenda. Alikuwa anamwambia kitu, kirefu, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani. Akamzunguka, akamfunga kamba kifuani na chini ya mapaja. Halafu likaja pigo moja kwenye chuma. Muhindo akashika kamba.

Walishuka pamoja. Muhindo alilegeza kamba mkono kwa mkono na goti lake bovu limekita kwenye udongo. Chama alishika buti la kushoto la mzee wake, akaliweka kwenye chuma, akasema kitu, wakashuka hatua. Akalishika tena, akaliweka. Mara moja mwili wote wa Papa Mwila uliegemea upande, kamba ikakaza, ndoo ikaanguka na bulon zikatawanyika miguuni petu. Nilijikuta naziokota. Mtu mzima, naokota bulon moja moja kwenye majivu ya mahindi.

Tulimlaza juu ya koti la Muhindo, kichwa kimeinuliwa. Sasa nilimtazama. Kona ya kushoto ya mdomo ilikuwa imeshuka. Nilifunga mashine kwenye mkono wa kulia, mkono wake, mnene, wenye vinywele vya mvi ambavyo siku kumi na mbili sikuviona wala kujiuliza vilikwenda wapi. Ishirini na moja kwa kumi na tatu.

"Papa Mwila, unanisikia?"

"Bulon mbili," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Bado bulon mbili tu."

"Tutazifunga."

"Umenishusha, mutoto yangu."

"Ndiyo, Papa."

Alifumba macho. Hakusema aksanti, na sikuingoja.

Muhindo aliendesha gari mwenyewe. Nyuma, kwenye ubao wa bantu ba yulu, Chama alikuwa amemlaza mzee mapajani na alikuwa analia bila kujificha. Nilipiga simu hospitali njia nzima, kwa sauti kubwa, narudia jina na umri na namba, ili tukifika watu wawe wamesimama mlangoni. Walikuwa wamesimama.

*

Daktari alisema mshipa mmoja wa kichwani ulikuwa umeziba, na kwamba kufika mapema ndiko kulikomwokoa. Angemaliza bulon zake, pengine angemaliza na maisha.

Mkurugenzi alitaka ripoti iseme kwamba wafanyakazi walidanganya. Niliandika kwamba walidanganya. Nikaandika pia kwamba mwuguzi aliweka dirisha ambalo mtu angeweza kudanganya ndani yake bila kuonekana, na kwamba namba zilimwambia ukweli siku kumi na mbili na hakusoma. Mkurugenzi aliniuliza kama nina hakika nataka kuacha sentensi ile ya pili. Nilimwambia ndiyo. Nilipewa barua ya onyo. Chama alipewa jembe kwa miezi miwili.

Tundu nililiziba kwa ubao na misumari, mimi mwenyewe, vibaya. Asubuhi iliyofuata mstari ulirudi mlangoni, mabuti na udongo na yote.

"Mademoiselle, baridi hii! Ulikuwa unatupenda mikono, sasa unataka bantu bazima?"

"Jina lako?" nilimuuliza.

"Eh! Ameshasahau hata jina yangu!"

"Sema jina, kaa kwenye kiti, unitazame."

Walicheka wiki nzima. Bado naona haya; shingo yangu inawaka kila asubuhi hadi mtu wa saba au wa nane. Lakini sasa najua kwamba Antoine, mpandaji wa nguzo, hutabasamu anapokuwa na homa, na kwamba wengine wakisema "nimelala muzuri" macho yao yanasema mengine.

Papa Mwila alirudi mwishoni mwa mwezi wa nane. Jina lake lilikuwa limefutwa. Alipewa kazi ya ghala, kutunza kamba na mikanda, mkono wa kushoto ukiwa bado mvivu. Watu wa ghala hawapandi, kwa hiyo hawapimwi. Juma la kwanza alipita mbele ya mlango wangu kila siku bila kunisalimu. Nilikuwa nasikia mguu wake, mmoja unakanyaga, mmoja unaburuta, na nilikuwa nashika kalamu bila kuandika hadi ulipopita.

Jumanne ya juma la pili, bantu ba yulu wote walipokuwa wamekwisha kutoka chumbani kwangu, mguu ule haukupita. Aliingia. Hakuwa na kadi. Ya zamani ilikuwa imechukuliwa pamoja na ripoti. Alikaa kwenye kiti, akageuza uso ukutani, kwenye ule ubao niliopigilia vibaya. Akaanza kukunja mkono wa shati la kulia kwa vidole vya kushoto visivyotii. Ilichukua muda. Sikumsaidia.

"Jina?" nilisema.

Halafu akageuka, akanitazama, na mimi nikamtazama.

"Mwila. Mwila Chileshe."

Nilichukua kadi mpya, nikaandika jina. Nikafunga kitambaa. Mashine ilijaa, ikapumua, ikasimama. Kumi na tano kwa tisa. Mapigo themanini na manne.

"Iko mubaya?"

"Si nzuri sana, Papa. Lakini iko ya kwako."

Aliitazama namba ile kwenye kadi wakati naiandika.

"Ile bulon mbili," alisema. "Nani alizifunga?"

"Chama. Alirudi yulu jana, akaanza na zile."

"Alifunga na klé gani?"

"Hiyo siijui, Papa. Iko nje, anafunga buti. Mumuulize."

Alishusha mkono wa shati, akasimama kwa kushika meza ya saruji. Mlangoni akasimama, mgongo kwangu.

"Kesho nikuye saa ngapi?"

"Saa moja. Pamoja nao."

Nikamsikia nje, mguu mmoja unakanyaga, mmoja unaburuta, na sauti ile ya kwaya safu ya nyuma ikipaza: "We Chama! Kuya hapa! Ulifunga na klé gani?"